Nenda Kabla Hujaitwa

Swali la kwanza huanza na maneno "rafiki yangu". Rafiki yangu amekutwa na bangi ndani ya gari pale chuoni, je, watamfukuza? Swali la pili huletwa na mama: mwanangu Ijumaa harudi nyumbani, chuo nacho hakiniambii kitu, nifanyeje? La tatu huja usiku kwa ujumbe wa sauti, na anayeuliza hana tena nguvu ya kumsingizia rafiki: nataka kuacha, lakini nikisema, si nitapoteza masomo?

Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye zahanati na vyuo vya jamii huku Marekani kwa miaka kadhaa, na maswali haya matatu hayaishi. Anauliza Mkongomani wa kozi ya uuguzi, anauliza Mkenya wa kozi ya malori, anauliza Mrundi aliyeanza Kiingereza cha ngazi ya kwanza. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Chumba cha mshauri kina njia mbili za kukifikia. Ukienda mwenyewe, unatoka na siri yako. Ukipelekwa kwa barua ya nidhamu, unatoka na faili. Mshauri ni yuleyule, kiti ni kilekile. Kinachobadilika ni kile utakachobeba ukitoka. Kwa hiyo nenda kabla hujaitwa.

Mimi si wakili wala daktari, na sheria za jimbo lako huenda zikatofautiana na za jirani. Nitakachokupa ni mpangilio: nani umwendee kwanza, nani baadaye, na wapi watu wetu huteleza.

## Tafuta ile barua usiyoisoma

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1989 inakilazimu kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumpa kila mwanafunzi, kila mwaka na kwa maandishi, sera yake ya pombe na dawa za kulevya. Siku hizi barua hiyo huja kwenye barua pepe ya chuo, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la maegesho na tangazo la vitabu. Ndiyo maana hakuna anayeifungua.

Ifungue. Kisheria lazima iwe na mambo haya:

- mwenendo unaokatazwa kwenye eneo la chuo na kwenye shughuli zake;
- adhabu za serikali kwa makosa hayo;
- madhara ya kiafya ya pombe na dawa;
- ushauri nasaha na tiba zinazopatikana kwa mwanafunzi;
- adhabu za chuo chenyewe, kuanzia onyo hadi kufukuzwa.

Kipengele cha nne ndicho cha kukinakili. Hapo ndipo chuo kinapokutajia ofisi ya kwenda, na mara nyingi huduma yenyewe ni bure.

Angalia pia mipaka. Wengi hudhani "chuoni" ni darasani. Maegesho ni chuoni, na basi la safari ya mafunzo ni chuoni pia. Chupa uliyoifungua ndani ya gari lako, katikati ya vipindi viwili, umeifungulia chuoni.

## Vitu vinne tunavyovidharau

Kesi nyingi nilizozikalimani hazikuanza na heroini wala kokeini. Zilianza na kitu ambacho nyumbani hakimshtui mtu.

Mirungi. Mombasa ni mirungi, Meru ni miraa. Mzee wa heshima hukaa nayo barazani, imefungwa kwenye majani ya mgomba, na watoto wakapita wakamwamkia. Marekani, kathinoni iliyo kwenye jani bichi imewekwa tangu 1993 katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, daraja moja na heroini. Jani likikauka inabaki zaidi kathini, nayo pia imo kwenye orodha, daraja la nne. Ukikubali kupokea kwa niaba ya shemeji kifurushi cha posta kilichoandikwa "majani ya chai", umepokea dawa za kulevya kutoka nje ya nchi. Usikubali kutoa anwani yako, hata kama anayekuomba ni wa damu moja.

Bangi ya dukani. Colorado na Washington zilipiga kura ya kuihalalisha kwa starehe mwaka 2012, na majimbo mengi yakafuata. Lakini sheria ya shirikisho haijairuhusu, na chuo kinakula fedha za shirikisho. Ndiyo sababu unaweza kuinunua kihalali ng'ambo ya barabara, ukavuka nayo kuingia chuoni, ukawa umevunja sera. Cheti cha daktari cha bangi nacho hakikuokoi kwenye eneo la chuo.

Bia ya mwenye miaka 19. Umri wa kununua pombe ni 21 nchi nzima, kutokana na sheria ya mwaka 1984. Anayemnunulia mdogo wake naye ana kosa. Barabarani kiwango cha kileo kwa dereva mtu mzima ni 0.08 karibu kila jimbo, lakini kwa aliye chini ya miaka 21 ni 0.02 au pungufu. Hiyo ni sawa na kusema usiguse kabisa.

Vidonge vya kupeana. Tramadoli uliyotoka nayo nyumbani imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa tangu 2014. Vidonge vya kukesha na vitabu, vile ambavyo mwenzako aliandikiwa na daktari, ukimpa mtu kimoja tu, hata bure, kisheria umesambaza. Na usinunue kidonge cha mkononi hata kikiwa na umbo na nembo ya duka la dawa. Vidonge bandia vimekutwa na fentanili, ambayo nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini.

## Nani umwambie nini

Hapa ndipo watu wema huumia. Wanasema ukweli wote, lakini kwa mtu asiye wa kuambiwa.

1. Mwalimu wa somo. Mwambie unapitia tatizo la kiafya na unaomba muda. Basi. Yeye si mtunza siri kisheria, na huenda taratibu za chuo zikamtaka aripoti.
2. Mshauri wa masomo. Jina la cheo chake hukanganya. Vyuo vingi vya jamii humwita mshauri mtu ambaye kazi yake ni kukupangia vipindi. Si mtabibu.
3. Mshauri nasaha mwenye leseni. Huyu ndiye. Anabanwa na sheria za usiri, isipokuwa kama uko hatarini kujidhuru au kumdhuru mtu, kama kuna mtoto anayeteswa, au mahakama ikiamuru.
4. Kituo cha tiba ya uraibu. Kumbukumbu za vituo vinavyosaidiwa na serikali kuu zinalindwa na sheria maalumu iliyoanzia miaka ya 1970, kali kuliko siri ya kawaida ya hospitali.
5. Ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Nitaieleza hapa chini.

Kabla hujafungua mdomo, uliza swali moja: "Mazungumzo yetu haya ni siri kisheria, na siri hiyo inaishia wapi?" Mtu wa haki hatakasirika. Akisitasita, mwombe akuelekeze kwa mwenye leseni, kisha ushukuru na uondoke.

Chuo chako hakina mshauri nasaha? Vyuo vidogo vingi havina. Piga 1-800-662-4357, simu ya bure ya serikali ya shirikisho inayofanya kazi saa 24, wakuelekeze kwenye tiba iliyo karibu nawe. Huna bima? Vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya shirikisho hulipisha kulingana na kipato.

## "Kidogo" si kipimo

Siku moja nilikaa kati ya muuguzi na baba mmoja wa makamo aliyekuwa akisoma jioni. Muuguzi aliuliza, "Unakunywa?" Baba akanijibu, "Kidogo." Muuguzi: "Kidogo ni kiasi gani?" Baba: "Kidogo tu, wikiendi." Muuguzi akaandika mbili.

Tukatoka. Kwenye korido, akiwa anafunga zipu ya koti, baba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kidogo yake ni kreti, yeye na wenzake watatu, Ijumaa jioni hadi Jumapili, na siku za katikati ya wiki huwa na chupa ndogo ya kali chini ya kiti cha gari. Akiikosa asubuhi, mikono inatetemeka.

Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno ambalo mgonjwa hakulisema mbele ya daktari. Nikamwambia, "Baba, mimi siwezi kulisema hilo. Rudi ukaliseme mwenyewe." Alisimama kidogo pale, mkono kwenye zipu, halafu akarudi. Muuguzi alifuta ile mbili, akamwita daktari palepale.

Daktari aliitwa kwa sababu ya mikono. Anayekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, na wengine hufa. Kwa hiyo hatua zako za wiki ya kwanza ziwe hivi:

1. Hesabu kwa kipimo cha huku. Kipimo kimoja kina takriban gramu 14 za kileo: bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, divai ya mililita 150 hivi, au pombe kali ya mililita 44. Ile chupa ya nusu lita tuliyoizoea nyumbani ni karibu kimoja na nusu. Andika siku saba bila kujionea huruma.
2. Usikate pombe ghafla peke yako ikiwa unakunywa kila siku, unatetemeka asubuhi, au umewahi kuanguka degedege. Mwone daktari kwanza. Mfungo na maombi ni vyema, lakini vifuate dawa, visitangulie.
3. Kwa unga na vidonge vya maumivu, uliza dawa. Methadoni na buprenofini hutuliza arosto na hupunguza hatari ya kufa. Tangu mwisho wa 2022 daktari hahitaji tena kibali maalumu cha kuandika buprenofini, hivyo uliza hata zahanati ya kawaida.
4. Dai mkalimani. Taasisi zinazopokea fedha za shirikisho zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Usimtume mwanao wa darasa la tano akatafsiri ulevi wako. Na kama mkalimani mnaabudu kanisa moja au mnaswali msikiti mmoja, una haki ya kuomba wa simu kutoka jimbo jingine.
5. Andika majina ya dawa na tarehe ya kurudi kabla hujatoka chumbani.

Utasema: "Methadoni si ni kubadilisha uraibu kwa uraibu?" Nalisikia hili kila mwezi, hasa kwa wazee wa kanisa. Mtu aliye kwenye dawa hizi kwa kipimo sahihi haendi kwa muuzaji, hajidungi, anaamka, anakwenda darasani. Na dawa iliyoandikwa na daktari haihesabiwi kuwa matumizi haramu.

## Linda masomo na fedha kwa mpangilio huu

Kosa kubwa kuliko yote ni kutoweka. Mtu anazidiwa wiki ya sita, anaona haya, anaacha kwenda, anafikiri chuo kitamsahau. Chuo hakisahau, kwa sababu kuna fedha ndani yake.

Ukiacha kuhudhuria kabla ya asilimia 60 ya muhula, chuo hukokotoa sehemu ya msaada wa serikali ambayo hukuistahili, ikiwemo ruzuku ya masomo iitwayo Pell, na sehemu yake inaweza kugeuka deni lako. Kisha unapata sifuri kwenye kila somo, wastani unashuka, na msaada wa muhula ujao unasimamishwa kwa kutoonyesha maendeleo.

Fuata hatua hizi badala ya kutoweka:

1. Nenda ofisi ya msaada wa fedha kabla ya kuacha somo lolote. Uliza: "Nikiacha leo nitadaiwa kiasi gani? Nikingoja wiki mbili?"
2. Uliza kama kuna kujiondoa kwa sababu za kiafya, na barua gani ya daktari inatakiwa. Barua haina haja ya kutaja ugonjwa kwa undani.
3. Ukiwa umebakiza kazi chache, mwombe mwalimu alama ya "haijakamilika" badala ya kufeli.
4. Msaada ukisimamishwa, kata rufaa. Ugonjwa ni sababu inayokubalika, na matibabu ni ushahidi. Eleza mambo mawili tu: nini kilitokea, na nini kimebadilika.
5. Fungua faili kwenye ofisi ya wenye ulemavu. Sheria za mwaka 1973 na 1990 zinamlinda aliyeacha dawa na yuko kwenye matibabu. Unaweza kupata ruhusa ya kubadilisha saa za vipindi ili ziendane na kliniki. Sheria hizo hazimlindi anayeendelea kutumia dawa haramu, wala hazikupi ruhusa ya kuja darasani umelewa.

Kuna hofu moja niifute. Wengi bado wanaamini kwamba ukihukumiwa kwa dawa unanyimwa msaada wa masomo. Zamani ilikuwa hivyo. Kanuni hiyo imefutwa, na tangu FAFSA ya 2023–2024, yaani fomu ya kuomba msaada huo, swali lenyewe halimo.

## Kama tayari umeitwa

Barua ya ofisi ya nidhamu huja kwa barua pepe ya chuo, si kwa WhatsApp. Ukikaa kimya, kikao kinaendelea bila wewe.

- Jibu siku hiyohiyo kwamba umeipata, na uombe mkalimani kwa maandishi.
- Omba kuona faili kabla ya kikao: nani aliandika nini, saa ngapi.
- Uliza kama unaweza kuja na mtu. Vyuo vingi huruhusu msindikizaji.
- Elewa kipimo cha ushahidi. Chuo si mahakama. Mara nyingi kinatazama lililo na uwezekano zaidi wa kuwa kweli, si ushahidi usio na shaka yoyote.
- Kama polisi wameingia, zungumza na wakili wa jinai kabla ya kueleza chochote chuoni. Maneno yako ya kikao yanaweza kukufuata mahakamani.
- Hesabu siku za rufaa tangu tarehe ya barua. Huwa chache.

Mwanafunzi niliyemkalimani mwaka mmoja aliomba radhi kwa kosa asilolitenda, kwa sababu nyumbani kwao mkubwa akikasirika unaomba radhi kwanza, mambo yanaisha. Huku "samahani, nimekosa" iliandikwa kuwa ni kukiri. Adabu yako ibaki kwenye sauti na kwenye kukaa vizuri. Usikiri usilolifanya.

Na kama ulikwisha kuanza kuonana na mshauri wiki tatu kabla ya barua, sema hivyo ukiona inakufaa. Wanaoamua adhabu husikiliza tofauti wakikuta mtu ameshaanza safari mwenyewe.

## Wewe usiye raia, simama hapa

Sehemu hii isome mara mbili. Kwa sheria ya uhamiaji, hukumu inayohusu dawa za kulevya inaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani. Kwenye kufukuzwa kuna mwanya mmoja mwembamba: kosa moja tu la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yako. Mirungi haimo kwenye mwanya huo.

Mitego inayowanasa watu wetu:

- "Kubali tu, kesi itafutwa." Mahakama ya jimbo inaweza kuifuta baada ya wewe kukiri na kumaliza masharti, na idara ya uhamiaji bado ikaihesabu kuwa hukumu. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Padilla, mwaka 2010, wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza athari za uhamiaji. Muulize waziwazi.
- Kazi kwenye duka la bangi. Ni halali kwa jimbo, ina mshahara na kodi inakatwa. Lakini mwongozo wa idara ya uhamiaji wa 2019 unasema kazi hiyo inaweza kukuharibia ombi la uraia.
- Kukiri bila hukumu. Ukimweleza ofisa wa mpakani kwamba uliwahi kuvuta, unaweza kujifungia mlango bila kupelekwa mahakamani.
- Picha mtandaoni ukiwa na kifurushi mkononi. Huna haja ya kuelezwa zaidi.

Je, hofu hii ikuzuie kutafuta tiba? Hapana. Aliye kwenye tiba ana nafasi ndogo ya kukamatwa kuliko aliye mtaani. Ila kabla ya kujaza fomu yoyote ya uhamiaji inayouliza kuhusu dawa, kaa na wakili wa uhamiaji, si yule jamaa anayejua kujaza fomu.

## Kozi zenye leseni

Watu wetu wengi husomea kuhudumia wagonjwa au kuendesha malori. Kozi zote mbili hupima mkojo.

Hospitali inayokupokea kwa mafunzo ya vitendo inaweza kukukataa kwa bangi hata kama jimbo limeihalalisha. Kwa malori, upimaji wa shirikisho hauangalii jimbo. Kiwango cha kileo kwa dereva wa gari kubwa ni 0.04, na tangu Januari 2020 matokeo mabaya huingia kwenye daftari la taifa ambalo kila mwajiri hulitazama. Tangu Novemba 2024 jimbo linapaswa kukushushia leseni hadi umalize utaratibu wa kurudi kazini.

Bangi hukaa mwilini wiki kadhaa kwa anayevuta kila siku. Maji mengi, siki na ndimu havisaidii. Kama unaipenda kozi, acha kabla ya kujiandikisha, na ukishindwa, anza na mshauri. Kipimo kisiwe ndicho kinachokujulisha kwamba una tatizo.

## Mtu akizidiwa mbele yako

Akiwa hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa namna ya kukwama, na ukimwita haitiki:

1. Piga 911. Sema "overdose" na anwani. Neno hilo moja linatosha kuanzia.
2. Mpulizie naloksoni puani. Tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari, na vyuo vingi huigawa bure. Kama hakutumia afyuni, haimdhuru.
3. Mpe pumzi kama unajua. Ngoja dakika 2 hadi 3, kisha rudia dozi akiwa bado.
4. Akianza kupumua, mlaze ubavu. Usimwache, dawa inaweza kuisha nguvu kabla ya sumu.

Kwa aliyelewa kupita kiasi: kahawa haisaidii, maziwa hayasaidii, na maji ya baridi humdhuru. Mlaze ubavu na upige simu. "Mwache alale, ataamka" ni maneno yaliyokwisha kuzika watu.

Majimbo mengi yana sheria inayomlinda kwa kiasi fulani anayepiga simu, na vyuo vingi vina msamaha wa nidhamu kwa hilo. Ulinzi huo una mipaka, hasa kwa uhamiaji. Piga hata hivyo. Maiti haina kibali cha kukaa.

## Kwa wazazi na walezi

Mama, chuo hakikudharau. Mtoto akishaingia chuo, haki ya kumbukumbu za masomo inakuwa yake, hata kama ada unalipa wewe. Sheria inakiruhusu chuo kumjulisha mzazi wa aliye chini ya miaka 21 akivunja sera ya pombe au dawa. Inakiruhusu tu, haikilazimishi.

Unachoweza kufanya:

- mwombe mwanao asaini fomu ya kukuruhusu, siku ya amani, si siku ya ugomvi;
- usimwite teja mbele ya wadogo zake, jina hilo hung'ang'ania kuliko dawa yenyewe;
- usimlipie faini na deni kila mara, lakini nauli ya kliniki mpe;
- usimrudishe nyumbani Afrika "akanyooke" bila kuuliza wakili, kwa maana huenda asiweze kurejea;
- weka naloksoni kwenye kabati la dawa, hata kama unaamini haitahitajika.

## Baada ya kuacha

Kuacha ni siku moja, kutorudia ni kazi. Vyuo vikuu vya Marekani vilianza mapema kuwawekea wanafunzi walioacha mahali pao: Rutgers mwaka 1983, Texas Tech 1986, Augsburg kule Minneapolis 1997. Vyuo vya jamii kwa kawaida havina mabweni, kwa hiyo msaada wao huwa chumba chenye kahawa, mkutano wa mchana na mtu wa kumpigia simu. Uliza kama chuo chako kina kikundi cha waliopona. Kama hakina, mikutano ya Alcoholics Anonymous ni bure na ipo karibu kila mji, na wasiopendelea mtindo wake wana SMART Recovery. Wenye matatizo ya Kiingereza, nendeni wawili.

Wenzetu hukwamia kwenye sherehe. Harusi, arobaini, ubatizo, kila mahali kuna meza ya vinywaji na mjomba anayesema "moja tu haiui". Andaa jibu lako nyumbani: "Natumia dawa, daktari amekataza." Ni fupi, na hakuna mjomba anayebishana na daktari. Shika soda mkononi muda wote, na uwe na nauli yako mwenyewe ya kuondokea.

Ukiteleza, usingoje Jumatatu. Mpigie mshauri siku hiyohiyo. Aliyekuwa ameacha unga na akarudia kwa dozi ya zamani yuko kwenye hatari kubwa kuliko alivyokuwa mwanzo, kwa sababu mwili umeshasahau. Na kama ni mawazo ya kukata tamaa, piga 988, namba inayofanya kazi nchi nzima tangu Julai 2022.

## Kabla wiki hii haijaisha

- Fungua barua pepe ya chuo, tafuta sera, nakili ofisi moja.
- Hifadhi kwenye simu: 911, 988, 1-800-662-4357.
- Chukua naloksoni.
- Andika hesabu ya siku saba.
- Weka miadi moja, yenye tarehe na saa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo wewe uliyeniandikia habari za "rafiki yangu", nimekujibu kwa yote niliyonayo, na sikuuliza jina. Ila ukishakaa kwenye kile kiti, mlango umefungwa na mshauri amekuuliza umekuja kwa ajili ya nani, anza sentensi kwa "mimi".